Majani Yasiyochunwa

Voi, 12 Januari 2025
Mwaka wa kumi na saba tangu nitoke Sotik

Kwa Winny Chepyegon,

Ujumbe wako umenifikia kwa simu ya binti yangu Esnah. Alinisomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuamini jina la mwisho. Ulikuwa mtoto wa mgongoni nilipokuona mwisho. Mama yako, Edinah, alikubeba kwa leso ya kijani ambayo marehemu mke wangu aliishona pindo. Leo unataka kwenda Kanada kusomea uuguzi, na chuo kimekwambia bila alama za mtihani wa Kiingereza hakuna mlango. Unasema ulishaufanya mara moja. Kuandika na kuzungumza ukapita, kusikiliza na kusoma ukaanguka.

Hilo halinishangazi. Huko kwetu kusema tulijua sote.

Nitakufundisha. Nilifundisha Kiingereza huko tangu kabla mama yako hajavaa sare ya shule, na hapa sina kazi ila kutazama treni za mizigo na kungoja mvua, ambayo katika mji huu ikija watu hutoka nje kuiangalia. Lakini tutaandikiana kwa mkono, tena kwa Kiswahili. Simu siiwezi, sikio la kulia halisikii tangu siku tuliyoondoka katika vurugu za uchaguzi. Na Kiswahili ndiyo lugha tuliyoongea juu ya ua, sisi Wagusii, mnaotuita Wakisii, na ninyi Wakipsigis. Mazoezi yenyewe ya Kiingereza Esnah atakutumia kwenye simu yako.

Somo la kusikiliza ni hili: siku ya mtihani sauti huchezwa mara moja tu. Basi usiirudishe nyuma hata ukiwa peke yako. Kilichopita kimepita.

Somo la kusoma: watakupa habari ndefu, kisha sentensi, nawe useme kila moja ni Kweli, Si kweli, au Haikusemwa. Wanafunzi wangu wote waliangukia hapo. Jambo lisilotajwa walilijaza kwa matumaini yao wakaandika Kweli. Maandishi yakinyamaza, nawe nyamaza.

Baba yako hajambo? Tuliagana kwenye ua wa miiba ya kaiyaba uliokuwa kati yetu. Nilimwambia, "Alexander, nitunzie kwangu." Aliinua mkono. Bilhah wangu amelala huko tangu 2004, upande wa kushoto wa nyumba, kama desturi yetu inavyotaka kwa mke. Upande wa kulia ni wa mume, na unaningoja. Nina miaka sabini na tisa. Nitarudi mara moja tu, na sitakuja nikitembea.

Wako,
Ogoti Onyancha

*

Sotik, 2 Februari 2025

Mwalimu,

Chamgei! Mama ameniambia niandike hivyo, eti ulikuwa ukisalimu darasa lote kwa Kipsigis mpaka watoto wanacheka.

Asante kwa kukubali. Nimefanya mazoezi manne. Ya kwanza ni bwana anapangisha nyumba kwa mwanafunzi, nikapata karibu yote. Ya nne ni profesa anaongea juu ya nyuki bila kupumua, nikabaki nimeshika kalamu kama mtu ameshika mwiko bila sufuria. Sikurudisha nyuma, Mwalimu. Ilikuwa ngumu kuliko kufunga.

Hapa nyumbani ni shida kupata kimya. Ng'ombe analia, redio ya baba inaongea tangu saa kumi na moja asubuhi, na ndugu yangu Benard akinikuta na spika za masikio anasimama mlangoni: "Winny, wazungu wamekupigia? Waambie wanitumie gari." Juzi aliniuliza kama Kanada kuna mtihani wa kukamua.

Kwa kusoma bado ninakosa hiyo Haikusemwa. Nikiona kitu hakijatajwa moyo unaniuma, nataka kukijaza.

Baba yuko sawa. Hajui ninakuandikia wewe. Mama alisema tuache kwanza. Ni mama aliyesema, "Mwandikie Mwalimu Ogoti, hakuna mwingine," halafu akaenda nyuma ya jikoni akalia. Sikuelewa. Labda ni kwa ajili ya mama Esnah, maana huwa anasema yeye ndiye aliyemshika mkono siku ya kumzaa Benard.

Mtihani wangu ni Juni, Nairobi.

Mwanafunzi wako,
Winny

*

Voi, 20 Februari 2025

Winny,

Umefanya vizuri kutorudisha nyuma. Nyuki waache waende.

Sehemu ya pili ya kusikiliza huwa na ramani. Sauti inakuelekeza njia, nawe unaandika jina la kila mahali penye herufi. Wengi hupotea kwa sababu hawajawahi kutembea juu ya karatasi. Nimekuchorea ramani ya mahali ninapopajua kuliko nyumba hii ninamolala. Mpe mama yako akusomee maelekezo haya kwa sauti, mara moja, kisha nenda kwa miguu ukajaze.

Toka barabara ya kwenda Kisii, pale penye daraja la mbao. Panda na mto ukiwa kulia kwako mpaka ukute geti. Hiyo ni A. Ndani ya geti, tangi la maji juu ya mawe, B. Mbele yake mparachichi uliogawanyika shina mara mbili, C. Nyumba ya mabati yenye sakafu nyekundu, D. Nyuma yake zizi la ng'ombe watatu, E. Sasa simama mlangoni pa D ukitazama barabara. Mkono wako wa kushoto, hatua chache, kuna F.

F huhitaji kuelekezwa. Kuna msalaba.

Nisomee kilichoandikwa juu yake. Hilo litakuwa zoezi lako la kusoma. Miaka yote hii sijapata mtu wa kumtuma. Watu wangu wakipita Sotik hupita na dirisha la basi limefungwa.

Ogoti

*

Sotik, 16 Machi 2025

Mwalimu,

Pole kwa kuchelewa. Tulikuwa na majani chai mengi, mvua imekuja vizuri na kituo cha kupimia chai kilikuwa kinapokea kila siku.

Nilitembea kama ulivyosema. A hakuna geti, kuna nguzo moja ya simiti. B mawe yapo, tangi halipo. C upo, mashina mawili, na bado huzaa mara mbili kwa mwaka. Matunda ya Desemba ndiyo matamu, yale ya Juni yana maji. D ni sakafu tu, nyekundu kweli, imepasuka katikati. E hakuna kitu.

F sikupata. Nyasi zilikuwa ndefu.

Nimepata alama nzuri kwa zoezi la tatu! Thelathini na moja kwa arobaini. Mama anakusalimu sana. Tafadhali nitumie zoezi lingine la habari ndefu, lisiwe la ramani.

Winny

*

Voi, 29 Machi 2025

Winny,

Mtu aliyepita siku moja na karatasi mkononi hawezi kujua ladha ya matunda ya Desemba.

Nimeisoma barua yako kama ninavyokufundisha kusoma, bila kujaza. Nikabaki na sentensi moja, nayo nakupa kama zoezi.

*Alexander Chepyegon analima shamba la Ogoti.*

Kweli, Si kweli, au Haikusemwa?

Ukiwa hujui jibu, nenda kwa anayelijua. Muulize mara moja. Akinyamaza, usimsaidie. Na usimtungie jibu, niandikie alichosema.

Ogoti

*

Sotik, 13 Aprili 2025

Mwalimu Ogoti,

Jibu ni Kweli.

Nilikudanganya juu ya nyasi. Hakuna nyasi pale, kuna majani chai. Nilipofika nguzo ya simiti nilisimama nikafikiri ramani yako imekosea, kwa sababu nilikuwa nimesimama kwa shamba letu la chini. Nimechuna hapo tangu niweze kubeba kikapu. Sikujua liliitwa la nani. Nilikuwa mdogo, na hakuna mtu aliwahi kusema.

Nilimuuliza baba Jumapili baada ya kanisa. Nakuandikia vile ilivyokuwa.

Nilisema, "Baba, nani alipanda majani kule chini?"

"Mimi. Ama ulidhani ni ndege?"

"Na kabla ya majani?"

"Mahindi."

"Ya nani?"

Akapunguza redio. "Nani amekufundisha kuuliza kama askari?"

"Mwalimu Ogoti."

Mama alikuwa anamimina chai, akaendelea kumimina mpaka ikamwagika kwa meza. Baba akamwangalia. "Edinah. Ni wewe."

"Ndiyo ni mimi," mama akasema. "Nimechoka kunywa chai ya hiyo shamba nikiangalia chini."

Benard akaruka: "Huyo Mkisii bado yuko? Sasa anataka nini? Si aliuza?"

"Hakuuza," mama akasema.

"Kama hakuuza, kwa nini hakukaa?"

"Ulitaka akae wapi, Benard? Ndani ya moto?"

Baba akasema, "Nyamaza wewe, mtoto." Sijui alikuwa anamwambia Benard au mimi. Alikaa kimya. Nilikumbuka ulivyosema, sikumsaidia. Mama alitaka kuongea nikamgusa goti.

Halafu akasema. Alisema mlipoondoka vijana walikuja na majembe kuvunja kile kilichobaki. Walishang'oa geti na mabati. Walitaka kung'oa msalaba wa mama Esnah pia. Aliwaambia, "Hii shamba ni yangu sasa, tokeni kwa shamba yangu." Wakatoka. Wiki iliyofuata akaleta miche kutoka Boito akapanda, na kandokando ya kaburi akapanda pia, akaficha msalaba katikati, kwa sababu mtu anaweza kuvunja kaburi la Mkisii lakini hakuna mtu hapa anang'oa majani.

Kuna kitu sikukwambia, Mwalimu. Katikati ya shamba la chini kuna mahali hatuchuni. Tangu utoto tuliambiwa kuna nyoka. Majani yasipochunwa yanakuwa miti, sijui kama unajua. Yamepita paa la nyumba. Watu wa kituo humcheka baba, wanamwambia, "Chepyegon, unafuga msitu?" Naye hucheka nao.

Nilimuuliza mwisho, "Baba, ulisema ni yako ili watoke. Walipotoka, kwa nini hukuacha kusema?"

Alipandisha redio.

Nimeandika hapo Haikusemwa.

Winny

*

Sotik, tarehe 11 mwezi wa tano

Mwalimu,

Mimi si mtu wa kuandika, utanivumilia.

Mtoto amekuambia yote na mimi sikatai. Nilisema ni yangu ndio watoke. Wewe hukurudi mwaka ule. Mwaka wa pili hukurudi. Wa tatu niliuliza watu wenu wa Keroka, wakasema umeenda mbali na hutaki kusikia jina la Sotik. Shamba haiwezi kulala kama mtu. Nikaendelea.

Pale kwa mama Esnah mkono wangu haujachuna hata jani moja. Mungu anajua, na watu wa kituo wanajua, ingawa wao wanadhani mimi ni mvivu.

Hati ya shamba unayo wewe. Mimi nina majani. Tukienda kortini watoto wa mawakili watasoma, sisi tutakufa.

Sasa sikia. Benard anaoa Desemba na hapo ndipo nimempa ajenge. Yeye hataki mlango wake uangalie kaburi, na sisi Wakipsigis mambo ya kaburi tunayaogopa, unatujua. Njoo umchukue mke wako vizuri, na pasta wako na watu wako. Nitachinja. Utalala kwangu kama mgeni wa heshima, hakuna mtu atakugusa.

Lakini hiyo mahali ya upande wa kulia, ambayo umeandikia mtoto, hiyo hapana. Usiniombe hiyo. Nikikuzika hapo, Esnah atakuja kulia hapo, na watoto wa Esnah, na siku moja watauliza.

Mimi jirani yako,
Alexander Chepyegon

*

Voi, 24 Mei 2025

Alexander,

Barua nimeipata.

Ulipoinua mkono pale kwenye ua, nilidhani umekubali. Nimeishi juu ya mkono huo. Nikiulizwa na Esnah kwa nini sinunui hata kiwanja kidogo hapa, nilikuwa nikimwambia nina kwangu, na jirani anatunza.

Mimi ndiye niliyewafundisha watoto wa Sotik kutojaza mahali palipo kimya.

Usichinje.

Ogoti

*

Sotik, 27 Julai 2025

Mwalimu,

Nimepita. Kusikiliza nimepata alama ya juu kuliko sehemu zote, na kusoma inatosha. Siku ile Nairobi, kijana aliyekaa karibu nami alikuwa anataka sauti irudiwe. Mimi nilijua haitarudiwa. Chuo kimenikubali, naondoka Septemba.

Ningependa barua iishie hapo.

Benard ameanza kupima na kamba. Vigingi vinne, na kimoja kiko ndani ya ile miti. Mama alikwenda akaketi hapo na panga la kukatia nyasi magotini. Benard akamwambia, "Mama, ondoka, watu wanaona." Mama akasema, "Waone. Atakayekata mti mmoja aanze na mguu wangu." Benard aliuliza kama huyo Mkisii alimzaa yeye ama ni mama alimzaa. Mama akasema, "Huyu Mkisii aliyelala hapa ndiye alikuvuta ukiwa umegeuka miguu, ama hungekuwa na mdomo wa kuuliza." Baba alikuwa amesimama kwa nguzo ya simiti. Hakusema upande wowote. Vigingi bado viko, na mama huenda kila asubuhi akimaliza kukamua.

Jana niliingia ndani. Ni giza, na chini hakuna kitu kinachomea, majani makavu tu. Msalaba umesimama. Mzizi umeinua simiti upande mmoja. Niliusafisha kwa skafu. Zoezi lako la kusoma, hili hapa:

BILHAH BOCHABERI OGOTI
1949 – 2004
ALITENDA ALIVYOWEZA

Chini yake kuna nafasi imeachwa wazi. Nadhani ni ya jina lako.

Njoo, Mwalimu. Njoo kabla sijaondoka. Nitakupokea stendi ya Sotik mimi mwenyewe, tutaingia pamoja. Benard hawezi kufanya kitu nikiwa nawe. Na kama hutaki kula kwetu, mama atapika kwa jirani.

Mwanafunzi wako,
Winny

*

Voi, 17 Agosti 2025

Winny,

Hongera. Barua yako ilifika asubuhi, na Esnah aliposikia umepita alipiga vigelegele peke yake katika ua wa nyumba za kupanga, majirani wakatoka kuuliza nani ameolewa.

Mwambie mama yako aweke panga chini. Amekaa vya kutosha. Hiyo ni nyumba ya mwanawe, na wajukuu wake watazaliwa humo. Asije akaingia kuwabeba huku watu wakikumbuka alivyokaa. Mwambie pia kwamba ujumbe wa kwanza ulionitumia, najua ni yeye aliyeuandika.

Baba yako anataka nije nimchukue Bilhah. Nimewaza kwa siku nyingi nimpeleke wapi. Kwetu mke hazikwi mahali pa kupanga, na mimi nimepanga. Hapa kuna makaburi ya mji nyuma ya reli, kila moja na kibao cha namba, udongo mwekundu ambao hata mbuzi hautaki. Huko nitakwenda mimi, Esnah ameshajua. Siwezi kumtoa Bilhah chini ya mvua ya Sotik nikamleta kwenye ukame huu, ili tu Benard apate mlango unaoangalia vizuri. Akae. Kama Benard atakata ile miti, akate mwenyewe, asitume kibarua. Mikono yake iujue msalaba.

Unakwenda mbali. Kuna jambo ambalo hakuna mtihani utakaokufundisha, nami nakwambia kwa kuwa nimelifanya. Mtu aliye mbali hujichorea ramani ya kwao, na kila mwaka huichora vizuri zaidi, geti, tangi, mti, mpaka karatasi inakuwa nzuri kuliko ardhi. Wewe usichore. Piga simu uulize kumebadilika nini, na wakikwambia, waamini.

Hili ni zoezi la mwisho. Majibu nimeyajaza mwenyewe, ili usipate taabu.

Alexander Chepyegon aliliokoa kaburi la Bilhah. Kweli.

Alexander Chepyegon alinichukulia kwangu. Kweli.

Ogoti amemsamehe. Haikusemwa.

Ile nafasi iliyo chini ya jina la mke wangu iacheni wazi. Nenda Kanada, ukasome, uwe muuguzi mzuri. Wagonjwa wako sikiliza mara moja na usikie. Mimi sitarudi Sotik.

Mwalimu wako,
Ogoti Onyancha